Navimba, haiwashi, na jino linasubiri kung'olewa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nansio, Ukerewe. Kazi yangu ni dagaa: nanunua huku kwetu, napeleka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Nimeamua kukuandikia kwa sababu nimechoka kuambiwa nina aleji.

Tangu usichana wangu navimba. Leo mkono, baada ya wiki kadhaa mguu, siku nyingine jicho linaziba kabisa. Haiwashi, haina vipele, ngozi inakaza tu na kuuma kwa kujaa. Inaanza asubuhi kidogo kidogo, mpaka usiku siwezi kukunja vidole, inakaa siku mbili tatu halafu inanywea. Nimepewa piritoni, setrizini, prednisoloni, na sindano ambazo hata majina sikuambiwa. Ninywe nisinywe, uvimbe unaondoka siku unayotaka wenyewe. Nimeacha sangara, nimeacha mayai, nimeacha hadi karanga. Wapi!

Tumbo nalo. Likinishika linanisokota hadi natapika nyongo, halafu kesho kutwa naamka mzima. Mwaka juzi hospitali moja walisema ni kidole tumbo, nikapasuliwa. Daktari mwenyewe alimwambia mume wangu baadaye kwamba kidole tumbo walichokitoa kilikuwa hakina shida yoyote. Kovu ninalo, na tumbo bado linauma vile vile.

Marehemu mama alikuwa hivi hivi. Nilikuwa darasa la tano alipofariki. Jioni alisema koo limebana, sauti ikawa nzito, mate yakawa yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza. Alikata roho usiku huo akiwa amekaa kitandani, hataki kulazwa. Ikasemwa amerogwa, jina la mtu likatajwa, na mpaka leo nyumba mbili za ukoo wetu hazisalimiani.

Sasa mwezi uliopita mdomo wa juu ulivimba, na jioni nikasikia koo linakuwa dogo na sauti inakwaruza. Mama mkubwa akanimulika kwa tochi ya simu, akasema kimeo kimeshuka, nipelekwe kwa mzee anayekata. Mume wangu alikataa. Tulikaa macho mpaka alfajiri, pakaanza kupungua.

Nina gego limetoboka, daktari wa meno amenipa tarehe ya kuling'oa wiki ijayo, nami naogopa, ingawa sijui naogopa nini. Tangu nilipotoka kwenye sindano ya uzazi wa mpango nikaanza vidonge vya majira, naona uvimbe unakuja mara kwa mara zaidi. Na mwanangu wa kwanza, ana miaka saba, alianguka akicheza, mkono ukavimba kupita kiasi bila kuvunjika.

La mwisho: baba mkwe wangu, anayeishi nasi na anatumia dawa za presha, juzi aliamka mdomo wa chini umejaa kama wangu. Hatuna damu moja. Je, nimemwambukiza?

Mama wa Watoto Wawili, Nansio

* * *

Marahaba, mwanangu.

Hujamwambukiza mtu. Baba mkwe nitamfikia. Kwanza jino: mpigie daktari wa meno leo hii, umwambie tarehe isogezwe. Kama lina usaha atakupa dawa ya kuua vijidudu na ya kutuliza maumivu usubirie nazo. Lising'olewe mpaka ujue una nini, na mpaka anayeling'oa naye ajue.

Mimi sijakupima, na barua haipimi damu. Lakini nimefanya kazi ya unesi miaka mingi, na ulivyoeleza wewe ndivyo vitabu vinavyoeleza ugonjwa uitwao anjioedema ya kurithi: uvimbe usiowasha, usio na vipele, unaokua kwa saa nyingi na kukaa siku mbili hadi tano, tumbo linalojisokota na kuacha, dawa za aleji ambazo hazigusi kitu, na mzazi aliyekufa kwa koo kuziba. Ukimpa mwanafunzi wa udaktari maelezo hayo kwenye mtihani, atakayesema aleji amefeli.

Uvimbe wa aleji huletwa na kemikali iitwayo histamini, na piritoni kazi yake ni kuizuia hiyo. Wako haupiti njia hiyo. Kwenye damu kuna protini moja inayoitwa kizuia C1, kazi yake ni kushika breki. Ikipungua, au ikiwepo lakini haifanyi kazi, mwili hutengeneza kemikali nyingine, bradikinini, nyingi kupita kiasi, mishipa midogo ya damu inaachia maji, na maji yanajaa chini ya ngozi au kwenye ukuta wa utumbo. Kwa hiyo hata wakikuchoma chupa nzima ya dawa ya aleji, wanafunga mlango ambao mwizi hakuupitia. Daktari William Osler aliandika juu ya familia yenye ugonjwa huu huko Marekani mwaka 1888, na mwaka 1963 ndipo ikajulikana kwamba kinachokosekana ni protini hiyo. Si jambo jipya. Ni jambo adimu: hukadiriwa mtu mmoja kati ya 50,000 hivi, kwa hiyo nesi au tabibu anaweza kustaafu bila kukutana na mgonjwa hata mmoja. Usiwachukie waliokupa setrizini. Waliokupasua nao walimwona mtu anayetapika na tumbo gumu, na duniani kote wagonjwa wa aina yako wamepasuliwa matumbo bure kwa kosa hilo hilo.

Sasa koo. Hapa nataka usome taratibu, na mume wako asome pia.

Mkono ukivimba utakosa kazi siku tatu. Tumbo likivimba utateseka sana. Koo la hewa likivimba unakufa, na ndilo linaloua watu wa ugonjwa huu. Zaidi ya nusu yao hupata uvimbe wa koo walau mara moja maishani. Hauna ratiba: mtu anaweza kuvimba mikono miaka ishirini, kisha koo likamjia usiku mmoja. Na kwamba mwezi uliopita lilipungua lenyewe alfajiri si dhamana kwamba mara nyingine litapungua. Wengi huchukua saa kadhaa kutoka dalili ya kwanza hadi pumzi kukatika, lakini wapo waliokwenda haraka mno.

Dalili ya kwanza si kukosa pumzi. Ukifika kwenye kukosa pumzi umeshachelewa. Ya kwanza ni sauti: inakwaruza, inakuwa nzito, au inakuwa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kisha unahisi kitu kimekaa kooni, kumeza kunakuwa kazi, mate yanakushinda. Baadaye pumzi inaanza kupiga mluzi wakati wa kuvuta ndani, na mgonjwa hataki kulala chali. Marehemu mama yako alikataa kulazwa kwa sababu mwili wake ulijua kwamba akilala njia inaziba. Mtu wa namna hiyo halazimishwi kulala. Mwacheni akae, ainame mbele kidogo, asipewe uji wala chai, na safari ianze muda huo.

Safari ya wapi? Hapa najua wengi wangekwambia Bugando, na kweli ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda yetu. Lakini wewe uko kisiwani. Ukipanda chombo koo likiwa limeshaanza kubana, unaweza kuzibwa katikati ya ziwa, na baharia hana la kukusaidia. Nenda kwanza hospitali ya wilaya hapo hapo Nansio, hata kama ni saa nane usiku na bodaboda anadai mara mbili. Pale waangalie koo, waweke oksijeni, na kama sauti imebadilika wamwite mtaalamu wa dawa za usingizi mapema, kabla njia haijafunga, kwa sababu kuingiza mpira wa kupumulia kwenye koo lililovimba ni kazi ngumu hata kwa fundi. Mpira ukishindikana kuingia, hutobolewa tundu shingoni. Kuvuka kwenda Mwanza kufanyike baada ya njia ya hewa kuwa salama, ukiwa na mhudumu wa afya pembeni.

Watakuchoma adrenalini na haidrokotisoni, karibu hakika. Usiwazuie. Mzio mkali wa kweli unaua kwa dakika, na mtu anayekuona mara ya kwanza hawezi kujua tofauti. Akikosea, bora akosee upande huo. Ila kama wewe una ugonjwa ninaoufikiria, sindano hizo hazitafungua koo lako, na hatari iko kwenye kukaa mkisubiri zifanye kazi. Dawa zinazofanya kazi ni kizuia C1 chenyewe, kinachopitishwa kwenye mshipa, au ikatibanti, sindano ya chini ya ngozi inayozuia bradikinini. Zote ni ghali na hutazikuta kwenye duka la dawa la mtaani. Zisipokuwepo, madaktari hutumia plazma, yaani maji ya damu, iliyogandishwa kutoka benki ya damu, kwa sababu ndani yake mna protini hiyo unayokosa. Wachache huvimba zaidi kwanza baada ya kuipata, kwa hiyo inatolewa mahali ambapo mtu wa kushughulikia koo yupo. Traneksamiki, ile dawa ambayo wakunga wanaijua kwa kuzuia damu baada ya kujifungua, husaidia baadhi ya watu kupunguza mara za kuvimba. Kwa koo linaloziba usiitegemee.

Na kimeo. Mama mkubwa wako ana nia njema, sitamsema vibaya. Lakini kimeo chako hakikushuka. Kilivimba maji pamoja na koo lote, na yeye aliona kile tu ambacho tochi ya simu inafikia. Laiti ungepelekwa kwa yule mzee, angekata nyama iliyojaa, damu imwagikie kwenye njia ambayo tayari ni nyembamba, na jeraha lenyewe ni kichocheo cha kuvimba zaidi kwa mtu kama wewe. Kukata kimeo ni hatari kwa mtoto yeyote; kwako wewe ni kifo mkononi. Chale za shingoni na usoni nazo usikubali, hata zikisemwa ni kinga. Mume wako alifanya jambo kubwa usiku ule. Mwambie nimesema.

Uhakika wa haya yote unaanza na kipimo kimoja cha damu: C4, protini nyingine ya damu. Kwa wenye ugonjwa huu huwa chini karibu wote, mara nyingi hata siku ambayo hawajavimba. Ikiwa chini, hupimwa kizuia C1 chenyewe, kiasi chake na utendaji wake, maana wapo ambao kiasi kinaonekana cha kawaida ila hakifanyi kazi. Nenda Bugando ukiwa mzima, siku unayoshusha dagaa, uombe kuonana na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Mwambie maneno matatu: haiwashi, dawa za aleji hazifanyi kitu, mama yangu alikufa koo. Beba karatasi za ile operesheni. Uliza kama damu inapimwa hapo hapo au inasafirishwa, na majibu yatachukua muda gani, ili usizungushwe. Ukiweza, mkono ukivimba upige picha kwa simu, asubuhi na jioni, mkono usiovimba ukiwa pembeni yake.

Majibu yakithibitisha, mwombe akuandikie karatasi ya kutembea nayo, na agonge muhuri. Nasisitiza muhuri kwa sababu naijua mapokezi ya usiku: karatasi yenye muhuri inasomwa, maelezo ya mume yanakatizwa. Iseme hivi kwa kifupi: mgonjwa ana anjioedema ya kurithi, uvimbe wake hausikii dawa za aleji, sauti ikibadilika aitwe mtu wa usingizi mara moja, asipewe kaptoprili (dawa ya presha) wala dawa yoyote ya kundi lake, asipewe vidonge vyenye homoni ya estrojeni. Nakala moja iwe kwenye simu ya mume.

Hapo ndipo tunarudi kwenye jino. Kinywa na koo ni majirani, na kung'oa jino ni miongoni mwa vichocheo vinavyojulikana sana vya uvimbe wa koo. Ubaya wake hauji ukiwa kwenye kiti. Unakuja saa kadhaa baadaye, usiku au kesho yake, wakati umeshapanda meli kurudi nyumbani na pamba mdomoni. Kwa hiyo ling'olewe hospitalini Mwanza, asubuhi, kwa ganzi ya kawaida ya sehemu, baada ya kupewa kinga. Kinga bora ni kizuia C1 muda mfupi kabla. Kisipopatikana, hutumika plazma, au vidonge vya danazoli vinavyoanza siku tano kabla na kuendelea siku mbili tatu baada. Danazoli hainywewi na mjamzito, kwa hiyo pima mimba kwanza. Kisha lala mjini, kwa ndugu aliye karibu na hospitali, usivuke siku hiyo. Najua kulala mjini ni gharama na dagaa hawasubiri. Jipange na mwenzako wa biashara.

Vidonge vya majira acha. Vile vya kawaida vina estrojeni, na estrojeni huwazidishia wengi ugonjwa huu. Hisia yako kwamba mambo yaliharibika tangu ulipovianza ina msingi. Usiviache na kubaki mikono mitupu, maana mimba isiyopangwa si suluhisho. Nenda kliniki urudi kwenye sindano uliyokuwa nayo, au kijiti, au lupu; hizo hazina estrojeni.

Mwanao apimwe, na mdogo wake pia. Mzazi mwenye ugonjwa huu humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume, na mkono kuvimba kupita kiasi baada ya kugongwa ni dalili ya kawaida utotoni. Mara nyingi ugonjwa huchachamaa wakati wa kubalehe, kwa hiyo mna muda wa kujipanga. Mwacheni acheze. Mwalimu wake tu ajue kwamba akiongea kwa sauti ya ajabu au akishindwa kumeza mate, haambiwi akae kivulini apumzike. Ndugu zako wa tumbo moja nao wapime, hata wasiowahi kuvimba.

Juu ya marehemu, sina namna ya kupima mtu aliyezikwa. Ila sauti nzito, mate kumtoka, kukataa kulala: kama C4 yako itakuja chini, chukua karatasi hiyo uipeleke kwa mzee wa ukoo unayemwamini, akiwa peke yake kwanza, umweleze mama yako alikuwa na nini. Yupo mtu kijijini kwenu aliyebebeshwa kifo hicho miaka yote hii. Usianzie kwenye kikao cha watu wengi, watakuzomea.

Baba mkwe sasa. Nimekwambia hujamwambukiza, lakini bradikinini ni ile ile. Tazama pakiti ya dawa zake za presha. Kama jina linaishia na "prili", yaani kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, basi mshukiwa wetu ni huyo. Dawa za kundi hilo huzuia mwili kuivunja bradikinini, na kwa watu wachache huleta uvimbe wa midomo, ulimi na koo. Sisi watu weusi hutupata mara kadhaa zaidi kuliko wazungu. Linalowachanganya wengi ni kwamba mtu anaweza kuinywa miaka mitano bila shida, kisha siku moja akaamka amevimba, kwa hiyo hakuna anayeishuku dawa aliyoizoea. Kikohozi kikavu kisichoisha ni tabia nyingine ya dawa hizo, muulize.

Asinywe kidonge kingine cha hiyo dawa, na leo hii aende akabadilishiwe. Amlodipini haina tatizo hilo. Asikae bila dawa ya presha akidhani amepona, na asirudie kundi hilo maisha yake yote, hata wakibadilisha jina la pakiti. Jina liandikwe kwenye daftari lake la kliniki kwa herufi kubwa, ukurasa wa mbele.

Kama hatumii dawa ya aina hiyo, daktari ampime C4 naye. Iko anjioedema ya kupatikana ukubwani, kwa kawaida baada ya miaka 40, bila historia ya ukoo, ambapo kizuia C1 huliwa na ugonjwa mwingine, mara nyingi wa damu au saratani ya tezi za limfu, na kwa hiyo huo mwingine ndio utakaotafutwa.

Uvimbe wa dawa unaweza kurudi ndani ya wiki chache hata baada ya kuiacha. Kwa kipindi hicho mzee asilale chumba cha peke yake, na mjukuu anayelala naye aambiwe asisubiri kupambazuka: ulimi ukijaa au sauti ikibadilika, amwamshe baba yake, bodaboda iitwe, na wote waelekee hospitali ya Nansio.

Shangazi